Ukisafiri, mbwa na paka wako wanabaki na nani? Mwongozo kwa mkazi wa Tabora

Desemba ikikaribia, stesheni na stendi ya Tabora hazina pa kukanyaga. Huyu anakwenda Dar kwa watoto, yule Mwanza kwenye harusi, mwingine anapanda treni ya Kigoma kuwasalimia wakwe. Safari nyingine haina msimu: simu ya msiba inaingia usiku, asubuhi mtu yuko njiani. Katika pilikapilika hizo asali ya kuwapelekea ndugu hutiwa kwenye dumu mapema, ufunguo wa nyumba hukabidhiwa mkononi kwa mtu anayeaminika, lakini mbwa anakumbukwa gari likiwa tayari linaunguruma. Ndipo kijana wa jirani anaitwa na kuambiwa, “Utakuwa unamtupia chochote.”

Mnyama aliyeachwa kwa maneno hayo hana mtu. Ninachokuomba katika mwongozo huu ni kwamba mbwa au paka wako akabidhiwe kwa mtu anayejulikana, pamoja na chakula chake, karatasi zake na fedha ya dharura, kwa uzito uleule wa kukabidhi ufunguo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na wajibu huo haulali kwa sababu mwenyewe amesafiri.

Hatua ya 1: Amua nani anabaki na nani anakwenda

Paka mwache nyumbani. Paka hushika mahali zaidi kuliko anavyoshika mtu. Ukimtoa Kanyenye ukampeleka kwa shangazi Ipuli, siku akifunguliwa mlango ataanza kutafuta njia ya kurudi, na katikati pana barabara na mbwa wa watu. Akibaki kwake, na mtu akaja asubuhi na jioni, hana shida hata kwa wiki mbili au tatu.

Mbwa naye kwa safari fupi ni afadhali abaki. Anayelinda nyumba ana kazi yake pale, na harufu za uani anazijua. Kitoto ambaye hajamaliza chanjo, jike mwenye mimba (hubeba kwa siku 63 hivi), mbwa mzee na mbwa mgonjwa wasisafirishwe ila pale pasipo na namna. Jike aliye kwenye joto ni suala peke yake: hali hiyo huchukua kama wiki tatu, na madume ya mtaa mzima yataruka ukuta. Kama ratiba yako inasogezeka, isogeze. Kama haisogezeki, lazima awe na banda la kufungwa usiku na mtu anayelala hapohapo nyumbani.

Uhamisho wa kazi ni jambo jingine. Walimu, askari na watumishi wengine huhama wakaacha mbwa kwenye nyumba ya serikali wakitumaini anayekuja atamrithi. Anayekuja mara nyingi hamtaki. Mbwa anaanza kuzurura, anakonda, na mwisho anahesabiwa mbwa koko na kuuawa kama mbwa koko. Ukihama kabisa, nenda naye, au mtafutie mwenyeji mpya wewe mwenyewe na umpeleke kwa mikono yako.

Hatua ya 2: Tafuta mtu, na umtafute mapema

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu Tabora nyumba ya kulaza mbwa kwa malipo si kitu utakachokikuta kila mtaa. Tunategemea watu.

Anza na yule ambaye mnyama anamjua tayari: dada wa kazi, mlinzi, ndugu mnayeishi naye jirani, kijana anayekuletea maji. Kumjua si kumwona tu. Mbwa wengi wa ulinzi humvumilia mgeni bosi akiwepo, na humng'ata bosi akiondoka. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari, mwangalizi aanze kumlisha mbele yako, halafu amlishe wewe ukiwa ndani, halafu siku nzima ukiwa umetoka. Mbwa akimkubali mtu huyo siku hiyo, na asubuhi ya safari atamkubali.

Usimwachie mtoto peke yake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kumpenda mbwa kuliko watu wazima wote wa mtaani, lakini hawezi kuamua nini kifanyike mbwa akianza kuhara damu saa nne usiku. Mtoto asaidie, mzazi wake ndiye akabidhiwe. Mwendee nyumbani kwake, msalimiane, umweleze shida yako bila kumharakisha: “Mama Fulani, tunasafiri wiki mbili, nimekuja kukuomba utusaidie kumwangalia Simba.” Ombi la namna hii linambana mtu kwa heshima, ujumbe wa simu ukiwa barabarani haumbani.

Jirani Mwislamu anayeshika mafundisho ya Kishafi, na hapa Tabora kama ilivyo Ujiji ni wengi, mate ya mbwa kwake ni najisi na akiguswa nayo ana utaratibu wa kujitwaharisha. Usimweke mahali pagumu. Mara nyingi atakuwa tayari kumtunza paka wako kwa moyo mkunjufu. Kwa mbwa, akikubali, mrahisishie: chombo kikubwa kinachojazwa kwa kata yenye mpini mrefu, maji ya ndoo yanayomiminwa kupitia wavu, asilazimike kuingia bandani. Wapo watakaokwambia wenyewe kwamba kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna thawabu. Lakini uliza kwanza, usidhani.

Mlipe. Hata kama ni ndugu. Patana kiasi kabla hujaondoka, toa sehemu mwanzo na sehemu ukirudi. Tena uwe na mtu wa pili, ambaye kazi yake ni kupita mara moja katikati ya wiki na kukutumia picha ya mnyama. Mtu wa kwanza ajue kwamba huyo wa pili yupo. Si kumshuku, ni kwa sababu na yeye anaweza kuugua au kupata msiba.

Hatua ya 3: Chanjo na dawa, mwezi mmoja kabla

Nenda kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, kwa mbwa na kwa paka pia. Mwezi mmoja unatosha kinga ijengeke kabla mnyama hajakutana na wageni. Dai kadi yenye tarehe, sahihi na muhuri, na uitunze, maana itahitajika zaidi ya mara moja hapa chini. Muulize pia chanjo ya ugonjwa wa kuhara damu unaofagia watoto wa mbwa. Dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa ni kila baada ya miezi mitatu. Kama zamu imekaribia, mpe kabla hujaondoka.

Kupe na viroboto washughulikie mapema, na hapa nataka nisisitize. Wengi wetu tunaishi karibu na wafugaji, na dawa ya kuogeshea ng'ombe haikosekani. Mwangalizi mwenye nia njema anaweza kuona viroboto akampaka paka dawa hiyo. Dawa nyingi za kupe za jamii ya permethrin humuua paka hata kwa kiasi kidogo, na amitraz, dawa nyingine ya kupe, nayo haimfai. Vivyo hivyo panadol: kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua paka. Mwambie mwangalizi kwa kinywa chako: asimpe mnyama dawa yoyote ya ng'ombe wala ya watu, hata kama duka la pembejeo limemwambia ni salama, mpaka azungumze na daktari wa mifugo ambaye namba yake umemwachia.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Acha chakula cha siku zote za safari pamoja na cha wiki moja ya ziada, kwa sababu safari zetu hurefuka. Pima kwa kipimo kinachojulikana, kopo au bakuli, usiseme “kidogo kidogo”. Chakula kiwe kilekile anachokula kila siku. Kubadilisha ghafla huharisha.

Kwa walio wengi chakula hicho ni ugali wa dona na dagaa. Dagaa wa Kigoma ni watamu ila bei yake ni ya watu, kwa hiyo dagaa wa Ziwa Victoria wanatosha. Loweka na uoshe, maana mchanga na chumvi ni vingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kuchoma utumbo, na vitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka. Mabaki ya pilau basi si zawadi. Msimu wa maembe, Novemba hadi Januari, uwanja ufagiliwe kokwa kila siku. Mbwa humeza kokwa, nayo huziba utumbo, na hapo pasipokuwa na upasuaji ni kifo.

Kuhusu unga: yako mazoea ya kutenga mahindi yaliyoota ukungu na kusema “haya ya mbwa”. Tafadhali yatupe. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa ni jepesi sana kuharibika kwa sumu hiyo. Mbwa anaacha kula, macho na fizi vinakuwa vya njano, anakufa, na wenye nyumba wanadhani amelishwa sumu na wezi. Ukimwachia mwangalizi unga, mwachie ule ambao ungeula wewe.

Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja na zaidi kidogo. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashuka, mpe mara mbili ya hapo. Weka vyombo viwili vizito visivyopinduka, kimoja kivulini nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa mabomba hukatika, acha pipa au ndoo kubwa zilizojaa, zenye mfuniko.

Hatua ya 5: Banda, mnyororo, nyuki na siafu

Tabora ni nchi ya nyuki. Kundi linalohama hutua popote: kwenye mwembe, kwenye dari, kwenye tairi kuukuu. Likichokozwa, mtu anakimbia na kuku anaruka, ila mbwa aliyefungwa mnyororo hana pa kwenda, na hufa palepale. Kwa sababu hiyo napinga kumwacha mbwa mnyororoni mwenye nyumba akiwa safarini. Kama uzio upo, afunguliwe usiku na akae bandani mchana, banda liwe na mlango ambao mwangalizi anaweza kuufungua haraka kutokea nje. Kama uzio haupo, nyoosha waya mrefu kati ya nguzo mbili, mnyororo uteleze juu yake, na kivuli kiwepo pande zote. Mkanda wa shingoni upitishe vidole viwili. Mbwa akinenepa au kitoto akikua, mkanda uliobana hukata nyama. Kabla hujasafiri zunguka nyumba ukiangalia kama kuna nyuki wameanza kujenga, na uwaite warina asali wawatoe usiku.

Mvua zikianza, adui ni siafu. Huja usiku kwa msafara, huingia bandani, na sungura, vifaranga au watoto wa mbwa waliofungiwa ndani hukutwa wamekufa asubuhi. Inua banda kwa miguu, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, nyasi zifyekwe kuzunguka, jivu limwagwe pembeni. Mwangalizi apite na tochi kabla ya kulala. Pembezoni mwa mji ambako fisi bado husikika, mbwa wadogo walale ndani.

Hatua ya 6: Karatasi moja ukutani

Andika kwa mkono, ibandike ukutani penye chakula. Iwe na jina na umri wa mnyama, kipimo cha chakula na saa zake, namba yako, ya mtu wa pili na ya daktari wa mifugo, pamoja na kiasi cha fedha ya dharura na mahali ilipo. Kisha andika ni lini apige simu bila kusubiri: mbwa hajala siku nzima na amelala tu, paka hajala siku mbili, anahara damu, anatapika mfululizo, anatoa povu, anayumba, au amebadilika tabia, mpole akawa mkali, mkali akawa mpole. Ongeza sentensi hii: “Nakuruhusu kumpeleka kwa daktari na kutumia fedha hizi.” Wanyama wengi hufa kwa sababu mwangalizi aliogopa kutumia hela ya mwenyewe.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika la kufanya mbwa akimng'ata mtu. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, wala lisipakwe mafuta wala dawa ya kienyeji. Aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa au picha yake. Hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete inafahamika na kila dereva wa bajaji. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na afisa mifugo ataarifiwe amchunguze kwa siku 10, kwani mbwa aliyekuwa akiambukiza kichaa siku ya kung'ata huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Majibu hayo yanamsaidia aliyeng'atwa kuliko mzoga. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na karibu wagonjwa wote, asilimia 99, hukipata kutoka kwa mbwa. Karatasi hii basi inamlinda jirani yako pia.

Hatua ya 7: Ukisafiri naye

Kibali kwanza. Kusafirisha mnyama kutoka wilaya moja kwenda nyingine kunahitaji kibali cha ofisi ya mifugo, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Nenda na kadi ya chanjo siku chache kabla ya safari. Anayevuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Burundi au Kongo anahitaji pia cheti cha afya na ruhusa ya nchi anayokwenda, aanze kufuatilia wiki kadhaa mapema. Na kama mnapanga kutembelea Gombe mkiwa Kigoma, mbwa abaki mjini: wanyama wa nyumbani hawaruhusiwi katika hifadhi za taifa, na sokwe wa Gombe wana magonjwa ya kutosha tayari.

Andaa kizimba au tenga imara ambalo mnyama anaweza kusimama, kujigeuza na kulala. Katoni halifai paka; ataitoboa kabla hujafika Urambo. Liache tenga wazi sebuleni wiki nzima, chakula kiwe ndani, alizoee. Mlo wa mwisho uwe saa sita hadi nane kabla ya kuondoka, maji mpe kidogo kidogo njiani. Asipewe dawa ya usingizi ya binadamu.

Kwa Kigoma nachagua treni kuliko basi. Njia ni ya kilometa zipatazo 400, inapita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, na sehemu kubwa ya safari hakuna kona za ghafla wala vumbi. Nenda stesheni siku moja au mbili kabla ukamuulize mkuu wa stesheni mnyama anakaa behewa gani na tiketi yake ni ipi, usibahatishe mlangoni. Kwenye basi, kataa buti. Kuna joto, moshi wa injini na mizigo inayoteleza, na kondakta anayesema “huko ndiko wanakokaa kuku” hatakuwepo kukufariji. Gari binafsi ni bora kuliko vyote, ila usimwache ndani limeegeshwa: nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya nusu saa joto hupita 40.

Ukipita misitu ya miombo kwa gari, upande wa Sikonge kuelekea Mpanda au karibu na Ugalla, funga madirisha. Mbung'o hufuata gari linalokwenda na hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo tenga lifunikwe kwa shuka jepesi la rangi iliyofifia. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa mbwa ni mkali na hauna chanjo. Baada ya safari ya namna hiyo, mbwa akipata homa, akikonda, tezi zikivimba au macho yakiingia ukungu wa kijivu, mpeleke apimwe damu mara moja, na umwambie daktari mlipita wapi. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo hapahapa Tabora.

Ukirudi

Mkague mnyama kabla hujafungua mabegi: masikio, kwapa na katikati ya vidole kutafuta kupe, fizi kuangalia rangi, mbavu kuangalia kama amekonda. Paka anaweza kukununia siku mbili tatu, mwache. Mbwa usimpe karamu ya nyama siku hiyo, endelea na chakula chake cha kawaida. Mwangalizi mlipe salio lake siku hiyohiyo, kaa naye, muulize ni nini alikiona, na uandike kwenye karatasi ile yaliyopungua. Homa za kupe huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, kwa hiyo endelea kumtazama mbwa hadi mwezi uishe.